Nani Amepima Hewa?

Kitendawili. Lakini weka kwanza kikombe chini, maana hiki hakijibiwi mdomo ukiwa umejaa. Nina chumba changu kitupu. Hakina nyoka, hakina moto, hakina maji, hakina harufu. Mlango wake wa kuinama. Mwenye nguvu zake akiingia, hutoka kwa kubebwa. Ni nini?

Unasema kaburi. Kila mtu husema kaburi. Kaburini mtu huingizwa amekwisha kufa, jamani. Huyu wangu huingia mzima, tena anapiga mluzi. Umeshindwa? Na huo mji unaotaka kunipa kaa nao, sina nguvu za kuufagia. Jibu ni tangi la meli lililofungwa siku nyingi. Chuma hushika kutu, na kutu nayo ina njaa yake. Haili nyama wala mkate, inakula hewa. Ile hewa ya uhai huliwa kimyakimya mle gizani mpaka inabaki hewa ya jina tu. Ukichungulia huoni kitu, ukinusa hunusi kitu. Pumzi mbili tatu, magoti yanakuaga kabla wewe hujajua kuna safari.

Kwa hiyo mabaharia wana sheria isiyojua mkubwa wala mdogo: mlango wa tangi ukifunguliwa, hakuna kuingiza hata pua mpaka afisa ateremshe kipimo cha hewa kwa kamba, asome, ndipo atie sahihi kwenye kibali. Ni kazi ndogo. Na uvivu hupenda kujenga nyumba kwenye kazi ndogo.

Sasa njoo kwa Mama Mnara. Jina hilo alipewa na mabaharia, kwa sababu kwa miaka mingi alikaa juu ya mnara wa bandari, redio mbele yake, akiziongoza meli kuingia na kutoka. Sauti yake nzito kidogo, tulivu, sauti ya mtu anayekukatia mkate. Manahodha waliotoka mbali walisema wakiisikia tu, nanga inataka kushuka yenyewe.

Mumewe alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani. Kazini hawakutaniana redioni, hilo mwiko. Ila meli ya mume ilipopita chini ya mnara, serahangi alibonyeza kitufe cha redio yake ya mkononi mara mbili, tk-tk, bila kusema neno. Mama Mnara alijikaza asitabasamu mbele ya wenzake, na wenzake walijikaza wasimwone.

Asubuhi ya siku ile, meli ya serahangi ilikuwa imetia nanga mbele kabisa ya dirisha la mnara, karibu kiasi kwamba redio za mikononi za mabaharia zilisikika huko juu. Mama Mnara akasikia sauti ya mumewe. Haikuwa tk-tk. Iliuliza, “Afisa, nani amepima hewa?”

Akarudia:

“Afisa, nauliza. Nani amepima hewa?”

Ikaja sauti ya afisa mkuu, ile ya kuburuta maneno kama mtu anayeburuta kiti. “Serahangi, unataka nikushike mkono? Ingia bwana, gati linatusubiri.”

Basi. Swali likabaki hewani, na mwenye swali akaingia tangini, kwa sababu melini amri ni amri. Alitoka kwa kubebwa.

Huyo afisa mkuu walimwita Marashi. Ukimtafuta melini hukuhitaji kuuliza, ulifuata pua. Na shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi ambayo ungeweza kuikatia limau. Alifika mbele ya kamati ya uchunguzi ananukia, akasema serahangi aliingia mwenyewe, kwa kiherehere chake, bila kuagizwa na mtu. Kibali kipo, kimetiwa alama ya vema kila kisanduku. Mabaharia wawili waliokuwa karibu na mlango wa tangi waliulizwa walisikia nini. Wakatazama viatu vyao. Walikuwa na watoto wa kulisha, na viatu havisemi.

Mama Mnara akasimama akasema alichokisikia. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye mkurugenzi wa kampuni ya meli, alimsikiliza kwa upole, akamwambia, “Mama, pole sana. Redio za mikononi hazirekodiwi. Na masikio yenye msiba husikia mengi.”

Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukikohoa hautoki, ukimeza haushuki.

Aliacha kazi ya mnara, maana dirisha lile lilikuwa limegeuka jicho linalomkodolea. Muda ukapita. Kampuni ikaanzisha masomo ya mtandaoni kwa mabaharia: usalama, moto, maboya, matangi, yote. Baharia popote alipo anafungua simu au kompyuta, anajifunza kwa mwendo wake. Zamu ikimwita analiacha somo katikati. Akirudi kesho analikuta palepale, mdomo wazi, linamsubiri. Wakatafuta sauti ya kuyasoma masomo hayo. Nani asiyeijua sauti ya Mama Mnara? Wakamwita, akaja. Jirani zake walisema amesamehe.

“Kusamehe,” alisema Mama Mnara akifunga kiatu, “ni neno zuri sana. Nitalisoma wakilileta.”

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ya zamani ya maboya. Kuta zilifunikwa kwa magodoro, kipaza sauti kilivishwa soksi ya kijivu ili pumzi isipige, na feni ilizimwa kila wanaporekodi. Aliyekaa upande wa mashine alikuwa fundi wa masomo, kijana mnene mwenye ndevu za kubahatisha, mtafuna karanga asiyekoma. Alimwita “mama”, na Mama Mnara alimwita “mwanangu” hata alipokuwa anamgombeza.

Kila somo lilikuwa na kisa, na baada ya kisa Mama Mnara alitunga swali. Kazi hiyo walimwachia yeye. Maswali ya kuchagua jibu aliyakataa tangu mwanzo.

“Hayo ni bahati nasibu,” alisema. “Mtu aandike kwa maneno yake. Asipoandika, mlango wa mbele usifunguke.”

“Watatuchukia, mama.”

“Wachukie wakiwa hai.”

Basi ikawa hivyo. Swali la Mama Mnara likikukamata, husogei. Ukiandika, jibu linaonekana kwenye ukumbi wa wanafunzi, na mabaharia wa meli nyingine wanaweza kukujibu, kukusifu au kukucheka. Mwenye kusema “pita” au “rudia” ni mwalimu, yaani yeye.

Siku moja likaja somo la matangi. Aliyeliandaa, na ndiye atakayeliidhinisha, alikuwa Marashi. Alikuwa anapandishwa unahodha, na kampuni ilimpa ukaguzi wa masomo ya usalama ili nyota yake ing’ae. Mama Mnara akafungua karatasi, akafika kwenye kisa.

“Serahangi mmoja,” kilianza kile kisa, “mzoefu lakini mwenye kiherehere, aliingia tangini bila kuagizwa...”

Fundi alikwisha kusoma. Aliacha kutafuna. “Mama, huyu si mzee wetu?”

“Washa mashine.”

“Tunaweza kusema sauti imekukauka. Nitafute mtu mwingine.”

“Mwanangu, nimesema washa.”

Akasoma. Hakutetemeka, hakukohoa, hakurudia. Alimsoma mumewe kiherehere kwa sauti ileile ya kukata mkate, mpaka nukta ya mwisho. Mkono wake wa kushoto tu, chini ya meza, ulikuwa umekamata kitambaa cha gauni na kukisokota kama kamba ya kufungia meli. Kisha, pasipo kuangalia karatasi, akasema, “Swali. Nani amepima hewa?”

Fundi alizima mashine. 

“Marashi akiliona hili, atalifuta kabla ya chai.”

“Hataliona.”

“Asilione vipi, na yeye ndiye wa kuidhinisha? Lazima alifungue, alisikilize lote.”

“Mtu aliyeweka vema kwenye hewa bila kufungua kipimo,” alisema Mama Mnara, “ataweka vema kwenye somo bila kufungua somo. Mpelekee uone.”

Wakampelekea. Fundi akaenda kuchemsha maji ya chai, na kabla maji hayajaimba, kompyuta ikalia. Jibu la Marashi hilo hapo: nimelisoma, nimelisikiliza, nimeridhika, litoke. Fundi alicheka mpaka karanga ikampalia.

“Mama, hata salamu ya mwanzo haijaisha kwa muda huo!”

Mama Mnara hakucheka. Alivaa viatu vyake akaenda nyumbani, na njiani, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alipita barabara ya bandarini.

Somo likatoka. Lilikuwa la lazima: hakuna kupanda meli, awe mpishi awe nahodha, mpaka alimalize. Wa kwanza kupiga simu hakuwa baharia mwingine bali binti yake mwenyewe, binti pekee, aliyefuata nyayo za baba akawa afisa wa tatu kwenye meli iliyokuwa mbali.

“Mama.” Sauti ilikuwa imevimba. “Umemsoma baba hivyo? Kwa mdomo wako?”

“Nimemsoma.”

“Wenzangu wote wanasikiliza. Wananiuliza huyo serahangi mjinga alikuwa nani. Niwaambie nini? Niwaambie anayesoma ni mkewe?”

Mama Mnara alikaa kitandani. Angetaka kumweleza yote, lakini siri ya kwenye simu ya meli ni sawa na siri ya sokoni. “Umefika wapi?” aliuliza.

“Nimefunga. Siendelei. Wakitaka wanishushe.”

“Fungua, mwanangu. Usifunge kabla ya swali.”

Binti akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Hilo ndilo lililomuuma Mama Mnara kuliko kiherehere cha kwenye karatasi. Ikiwa somo lile litabaki kama lilivyo, mtoto atamkumbuka baba kwa neno lile, na mama kwa sauti iliyolisema. Alijua ametupa ndoana kwa kutumia kidole chake mwenyewe kama chambo.

Kesho yake majibu yakaanza kumiminika kwenye ukumbi. Mabaharia ni watu wa maneno; wafungie baharini uwape pa kuandika, utaona.

“Swali halina jibu kwenye kisa,” aliandika mhandisi mmoja. “Nimesikiliza mara tatu nikidhani mimi ndiye kiziwi.”

“Kazi ya kupima ni ya afisa. Afisa wa kisa hiki alikuwa wapi, saluni?”

“Mimi ni mpishi,” aliandika mwingine, “matangi siyajui. Lakini hata mimi hugusa mpini wa sufuria kabla ya kuushika. Aliyeandika kisa atuambie.”

“Aliyeandika aje!” wakaitikia kutoka meli hii na ile. “Aje ajibu!”

Kila jibu Mama Mnara alilipitia, akawapitisha wote walioandika kwamba hawajui na wanataka kujua. Kisha likaja moja refu kidogo, kutoka kwa baharia aliyekuwa amehamia kampuni nyingine, ambayo nayo ilinunua masomo haya. “Swali hilo,” aliandika, “niliwahi kulisikia kwa maneno hayohayo, kutoka kwenye redio iliyokuwa kiunoni mwangu. Liliulizwa mara mbili. Siku ya kamati nilitazama viatu. Viatu vile nimevitupa.”

Fundi alisoma, akamgeukia Mama Mnara. Mama Mnara alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu. Hakulia. Alisema tu, “Chapa hilo, mpelekee mkurugenzi. Mwambie masikio yenye msiba yamepata mwenzao.”

Hapo ndipo Marashi alipokuja. Harufu ilitangulia ngazini, yeye akafuata, kofia mpya ya unahodha kwapani. Meli yake mpya ilikuwa gatini, mabaharia tayari, na yeye bado hajalimaliza somo lake mwenyewe.

“Nani kaweka upuuzi huu? Futa!” alimwambia fundi.

“Haufutiki, mzee.”

“Mimi ndiye mkaguzi!”

“Ndiyo maana haufutiki. Kanuni uliipitisha wewe mwenyewe: aliyeidhinisha somo akitaka kulibadilisha, alipitie kwanza mpaka mwisho, yeye binafsi, mbele ya kamera.” Fundi alitupa karanga mdomoni. “Au uliiwekea vema bila kuifungua?”

Marashi akageuka, akamwona Mama Mnara pale pembeni ya kipaza sauti. Akabadilisha sauti, akaipaka asali. “Shemeji. Mimi na marehemu tulikula sahani moja.”

“Ndiyo. Na wewe ukabaki na kijiko. Kaa, Afisa.”

“Nahodha.”

“Bado.”

Mkurugenzi naye akaingia, karatasi ya ukumbi mkononi, hana salamu. Alisimama mlangoni, hakumtazama Mama Mnara usoni. Akasema, “Alifanye hapahapa. Nataka kuona.”

Marashi akakaa mbele ya kompyuta. Mlango ukafungwa, feni ikazimwa, kamera ikawasha jicho lake jekundu. Sauti ya Mama Mnara ikaanza kutoka kwenye mashine, tulivu, na mwenye sauti amekaa nyuma ya kiti cha Marashi, amenyamaza. Simu ya Mama Mnara ilikuwa mezani, iko wazi; aliyekuwa upande wa pili alipiga mwenyewe asubuhi ile.

“Nani huyo kwenye simu?” Marashi aliuliza.

“Mwanafunzi mwingine. Amekwama hapohapo utakapokwama wewe.”

Kisa kikapita. Neno kiherehere likapita, likagonga magodoro, likafa. Swali likatokea kwenye skrini. Marashi akaandika upesi: serahangi mwenyewe.

Mama Mnara alinyoosha mkono akabonyeza. Rudia.

Akaandika: kibali kilitiwa sahihi kamili.

Rudia.

“Kibali hakina pua,” alisema Mama Mnara. “Nimeuliza nani.”

Akaandika kwamba hali ya hewa tangini ilikuwa ya kawaida kadiri ilivyofahamika wakati huo. Mkurugenzi aliguna. Rudia. Akaandika kwa lugha ya mikutano, akaandika kwa hasira, akaandika akafuta. Shati likaanza kulowa mgongoni na mikunjo ya pasi ikalala mmoja mmoja. Marashi yake, yaliyokuwa yakijaza ngazi, yalichachuka mle ndani mpaka fundi akaziba pua kwa ganda la karanga.

“Hewa humu nzito,” alisema Marashi. “Fungueni mlango.”

“Nani ameipima?” aliuliza Mama Mnara.

Huko nje honi ya meli mpya ililia, ndefu, ya kuita. Marashi akageukia mlangoni. “Mkurugenzi, wananisubiri. Huyu mama ananilipizia kisasi, huoni?”

“Ndiyo,” alisema Mama Mnara kabla mkurugenzi hajafungua mdomo. “Nakulipizia. Wewe ulifikiri nimekuja hapa kusoma? Nilikuja kukungoja. Ulimpa mume wangu haraka ya gati, mimi nakupa muda wote unaoutaka. Somo hili halina saa, Afisa. Nenda kwa mwendo wako. Mimi nimekuja kwa mwendo wangu.”

“Nikijibu je? Utafurahi?”

“Sana.”

“Meli ile tutampa mwingine usipomaliza,” alisema mkurugenzi, sauti ya chini, akitazama kwa mara ya kwanza uso wa Mama Mnara. “Na ukimaliza, tutaona ulichojibu. Jibu swali.”

Marashi alitazama skrini. Akatazama kofia mpya aliyoiweka pembeni, na kamera isiyopepesa. Honi ikalia tena. Kisha mle chumbani ikatoka sauti nyingine, ndogo, kwenye ile simu ya mezani. Haikuwa kilio, haikuwa neno. Ilikuwa ukucha unaogonga kioo. Tk-tk.

Mama Mnara aliigeukia simu. Hakuwahi kumfundisha binti yake alama ile. Baba mtu ndiye aliyemfundisha, lini, hajui. Akameza mate, na ule mwiba wa samaki ukasogea kidogo.

Akainama karibu na sikio la Marashi, akauliza kwa mdomo wake safari hii, wala si kwa mashine, “Afisa, nauliza. Nani amepima hewa?”

Marashi aliondoa vidole kwenye kompyuta, akaviweka mapajani kama mtoto aliyekamatwa. Alikiangalia kile kipaza sauti kilichovaa soksi.

“Hakuna,” alisema. “Hakuna aliyepima. Aliniuliza mara mbili, nikamwambia aingie.”